Kufundishwa Kazi kwa Jina la Mungu

Mwaka 1885, miezi michache tu baada ya Mjerumani Carl Peters kupita katika nchi za Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami akikusanya hati za kutwaa ardhi ambazo waliozitilia alama hawakuweza kuzisoma, kampuni iliyokuja kujulikana kuwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilitangaza zawadi kwa yeyote atakayeandika insha bora kujibu swali moja: ni kwa njia gani mtu mweusi atafundishwa vema kufanya kazi ya mashamba makubwa. Zawadi hiyo haikutwaliwa na mkulima, wala tajiri, wala askari; ilitwaliwa na mtu wa dini, Alexander Merensky, aliyepata kuwa mmisionari miaka mingi Afrika ya Kusini, na insha yake ikapigwa chapa mwaka 1886.

Sisi wakazi wa Handeni na Korogwe yatupasa kulizingatia jambo hilo, kwa kuwa Uzigua iliyotajwa katika hati zile ndiyo nchi tunayoilima hata leo, na mikono iliyokuwa ikitafutiwa mwalimu ilikuwa mikono ya babu zetu. Merensky hakuusifu utumwa. Aliona kwamba kodi kwa upande mmoja, na mafundisho ya misheni kwa upande wa pili, yangeweza kumtoa mtu katika kijiji chake na kumfikisha shambani kwa mwingine, pasipo kufungwa mnyororo.

Mwaka ule ule wa 1886 kikaundwa mjini Berlin chama cha misheni ya Kiinjili kwa ajili ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, na katika kamati yake ya mwanzo alikuwamo Peters mwenyewe, mtu ambaye haja yake ilikuwa ardhi na bendera. Mmisionari wao wa kwanza, Greiner, aliwasili Dar es Salaam mwaka 1887. Ushirika huu haukuwa siri kwa wenyeji wa Berlin, waliousoma magazetini na kuusikia katika mikutano ya hadhara. Siri ilikuwa kwa mtoto wa Kizigua au wa Kisambaa aliyeketi mbele ya mwalimu, akafundishwa kwamba kazi ni ibada na uvivu ni dhambi, asijue kwamba kule mafundisho yale yalikotoka mwenye kampuni na mwenye misheni walikuwa wameketi meza moja.

Haitakuwa insafu, hata hivyo, kuwahukumu wote kwa mizani ya Peters. Tangu mwaka 1890 mambo ya chama kile yakaanza kuingia mikononi mwa Friedrich von Bodelschwingh, mchungaji wa Betheli karibu na Bielefeld, aliyekwisha kuasisi mwaka 1882, huko huko kwao, makazi ya kazi kwa maskini waliokuwa wakirandaranda barabarani, akiamini kwa moyo safi kwamba kumpa mtu kazi ni kumhifadhia heshima yake kuliko kumpa sadaka. Imani hiyo ndiyo iliyopanda hadi Lutindi, katika milima iliyo juu yetu hapa wilayani Korogwe, ambako mwaka 1896 yalifunguliwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na ambako tangu mwaka 1904 walianza kupokewa wagonjwa wa akili, wakati ambapo hapakuwa na mahali pengine pa namna hiyo katika pande hizi. Hospitali ya Lutindi ingali ikifanya kazi hadi leo, chini ya Kanisa la Kilutheri, na kazi za mikono zingali sehemu ya tiba yake. Familia ngapi za Tanga na Kilimanjaro zimepata faraja pale! Mimi siwezi kulitaja jina la Lutindi bila taadhima.

Lakini huku bondeni fundisho la kazi lilikutana na haja nyingine. Mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ikasalimika katika 1,000, ulikuwa ukienea. Reli iliyoanzia Tanga mwaka huo huo ilifika Korogwe mwaka 1902. Kodi ya nyumba, rupia 3, ilikuwa imekwisha kutangazwa mwaka 1897. Na Uzigua ilikuwa imedhoofishwa na nzige na njaa, zile za miaka ya 1890 zikiwa kali kupita kiasi. Mwaka 1907 Usambara ya Magharibi ikatiwa katika utaratibu wa kipande, kila mwanamume akilazimika kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Nasaha ya insha ya Berlin ikawa sheria.

Mtindo huo haukufa pamoja na utawala wa Wajerumani. Frank Buchman, mhubiri wa Kimarekani, alitangaza mjini London mwaka 1938 harakati ya kuamsha upya maadili, na tangu mwaka 1946 wenye viwanda na viongozi wa wafanyakazi walikutanishwa Caux, Uswisi, ili wapatane kwa njia ya toba na ukimya wa kumsikiliza Mungu. Katika miaka ya Hali ya Hatari nchini Kenya, watu wa harakati hiyo waliingizwa katika kambi ya Athi River kuwageuza nyoyo wafungwa wa Mau Mau: dola ikishika ufunguo wa lango, nao wakihubiri ndani.

Siku hizi mafundisho ya namna hii hutujia kwa sura ya semina. Mgeni husimama ukumbini akafundisha nidhamu, uongozi na ujasiriamali, na katikati ya maneno ya biashara yakaingia maneno ya roho. Washiriki hutia sahihi, hupokea posho, wakarejea makwao. Huenda mafundisho yakawa mema kabisa. Ila mwenye kufundishwa ana haki ya kuambiwa ni nani aliyemtuma mwalimu, na anataraji nini, kabla hajatia sahihi yake.

Hata hivyo, tangu zamani walikuwako watu wa dini walioikataa meza ile ya mwenye kampuni na mwenye misheni. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, ambaye dayosisi yake ilienea hadi Magila, Korogwe na Kideleko ya Handeni, aliwashutumu Wajerumani kwa dhuluma zao. Na serikali ya Kenya ilipowaagiza maofisa wake mwaka 1919 wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi kwa masetla, na baadhi ya viongozi wenzake wa makanisa wakaridhia kulazimishwa kazi kwa masharti, Weston alitoa mwaka 1920 kijitabu kikali dhidi ya Uingereza, nchi yake mwenyewe. Na katika shule za misheni ya Weston, zilizoitolea serikali makarani, alisoma Mbondei Martin Kayamba, ambaye mwaka 1922 aliasisi mjini Tanga chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika, Waislamu na Wakristo wakiketi pamoja, wenyewe wakichagua viongozi wao na mambo ya kuyazungumza.