Mpiga zumari aliyeshika kalamu

Mcheza kwao hutuzwa, walisema wahenga. Hawakusema tuzo hiyo itamlisha siku ngapi. Mpiga zumari wa pwani yetu hutuzwa palepale uwanjani: noti hubandikwa kipajini, vigelegele vikapigwa, na mwenye harusi naye akatoa chake. Kukicha ngoma imekwisha, na mpigaji hurudi nyumbani kungojea harusi nyingine. Kazi yake haina mshahara wala kiinua mgongo, na nyimbo alizozibuni mwenyewe hazijulikani kwa jina lake.

Leo nataka kuwasimulia wasomaji habari za watu wa mbali ambao ala yao ni ndugu ya zumari. Baadhi yao wamepata riziki ya maisha kwa pumzi zao, na zaidi ya hayo wakawa watunzi wakubwa wa muziki mpya. Naona katika habari zao mna funzo kwetu.

UKOO WA ZUMARI

Zumari si ala ya pekee duniani. Irani wana surnai, Waturuki wana zurna, Misri kuna mizmari, Bara Hindi kuna shehnai, na Uchina wana suona. Zote hizo asili yake ni moja: vipande viwili vya utete vilivyobanwa pamoja, na hewa ikipita katikati yake hutetemeka na kutoa sauti. Neno letu lenyewe limetokana na Kiarabu.

Wazungu nao walikuwa na zumari yao tangu karne za kati, na wataalamu wengi husema waliipata kutoka nchi za Waislamu. Katika karne ya 17, huko Ufaransa, mafundi wa zama za mfalme Louis XIV, wakiwamo watu wa ukoo wa Hotteterre, waliifanyia kazi zumari hiyo hata sauti yake ikalainika na kuweza kuingia ndani ya majumba. Ala hiyo mpya ndiyo obo. Ndugu yake mwenye sauti nzito ni basuni.

Na hapa pana jambo la kumfurahisha kila aliyekaa jamvini chuoni. Jina la Kizungu la zumari ile ya kale limetokana na neno la Kilatini, calamus, maana yake utete. Neno hilo asili yake ni Kiyunani, na humo humo ndimo Waarabu walimopata qalam, nasi tukapata kalamu. Sisi tuliochonga matete kwa kisu ili tuandike alifu na be kwenye ubao, tulikuwa tukichonga mmea ule ule ambao wengine huuchonga ili wapulize.

KISU NA UTETE

Mpiga obo huanza kazi yake kwa kisu. Utete wake ni tete kubwa liitwalo na wataalamu Arundo donax, na lile linalosifiwa zaidi humea katika jimbo la Var, kusini mwa Ufaransa. Hukatwa, likakaushwa kwa muda mrefu, likapasuliwa, likachongwa mpaka unene wake ukawa kiasi cha nusu milimita na kidogo. Kisha hukunjwa, hufungwa kwa uzi juu ya kijibomba, na ncha yake hukwanguliwa taratibu mpaka ikubali kusema. Kazi hiyo yaweza kula saa nyingi, na utete uliokamilika usidumu ila siku chache au majuma machache. Mwanafunzi wa obo hujifunza uchongaji pamoja na upigaji, kwa kuwa asiyejua kuchonga atabaki mtumwa wa utete wa mwingine.

Mafundi wetu wa zumari hawatashangaa wakisikia haya. Wao huchonga utete wao kwa jani kavu la mti wa jamii ya mnazi, wakalifunga kwa uzi vivyo hivyo, na kila fundi ana siri yake.

Lakini ajira za obo ni chache mno. Okestra kubwa ya watu 90 yaweza kuwa na wapiga fidla 30, ilhali wapiga obo ni watatu au wanne tu. Ndio wanaotoa sauti ya kwanza ambayo wenzao wote huilinganishia ala zao, na kosa lao husikika mpaka nyuma ya ukumbi. Nafasi moja ikiwa wazi, wapigaji wengi huja kuigombea, na mahali pengi hupiga nyuma ya pazia ili mwamuzi asijue ni nani. Waliobaki nje hufundisha watoto, hupiga kwa kibarua, au huacha kabisa.

MWANA WA USWISI

Katika hali hiyo ndipo alipotokea Heinz Holliger, aliyezaliwa Uswisi mwaka 1939. Tangu ujana alisoma mambo mawili kwa pamoja: kupiga obo na kutunga. Mwalimu wake wa utunzi mjini Bern alikuwa Sándor Veress, mtu wa Hungaria, na baadaye alisoma kwa Pierre Boulez huko Basel. Mwaka 1959 alishinda mashindano ya Geneva, na mwaka 1961 yale ya Munich. Wakati huo alikuwa amekwisha kuajiriwa katika okestra ya mji wa Basel.

Mwingine angalitosheka. Obo ilikuwa na nyimbo nzuri za kale, na mpigaji hodari angeweza kuzizungusha miji yote ya Ulaya mpaka mvi zimtoke. Holliger aliona kwamba ala isiyotungiwa mambo mapya hugeuka kitu cha makumbusho. Akaanza kuichunguza obo yake upya. Akatoa sauti mbili tatu kwa pumzi moja. Akapiga bila kukata, akivuta hewa puani huku mashavu yakiendelea kusukuma nyingine, jambo ambalo wapiga zumari wa Lamu na Kwale wamelifanya siku zote bila kuliita ajabu.

Watunzi wakubwa walipoyasikia hayo walianza kumtungia. Mwaka 1969 Luciano Berio wa Italia alimtungia Sequenza VII, wimbo wa obo moja peke yake, na nyuma yake sauti moja husikika bila kukatika tangu mwanzo hadi mwisho. Noti hiyo Wajerumani huiita H, nayo ndiyo herufi ya kwanza ya majina yake yote mawili. Ligeti alimtungia yeye na mpiga filimbi mmoja mwaka 1972. Lutosławski alimtungia yeye na mkewe Ursula, mpiga kinubi, mwaka 1980.

Lakini Holliger hakungoja kutungiwa. Mwaka 1971 alitunga Cardiophonie, ambamo mapigo ya moyo wa mpigaji mwenyewe hunaswa na kusikizishwa ukumbini, naye hana budi kuyafuata yanavyozidi kwenda mbio. Tangu 1975 hadi 1991 alikuwa akijenga Scardanelli-Zyklus, kazi ndefu iliyotokana na mashairi ya Hölderlin, mshairi wa Kijerumani. Miaka kumi na sita kwa kazi moja! Watunzi wa tenzi wataelewa.

Riziki yake aliitegemeza juu ya nguzo kadhaa: alipiga, alifundisha Freiburg, Ujerumani, tangu 1966 hadi 2003, aliongoza okestra, na alitunga. Upepo ukivunja nguzo moja, nyumba haikuanguka.

Njia hiyo haikufungwa kwa wanawake. Helen Grime, Mskoti aliyezaliwa 1981, naye alianza kwa kupiga obo, na mwaka 2003 alisimama mbele ya okestra akapiga tungo lake mwenyewe la ala hiyo. Septemba 2017, Simon Rattle alipoanza uongozi wake wa London Symphony Orchestra, tamasha lile lilifunguliwa kwa tungo la mama huyu.

USTADHI WA BANARAS

Pengine msomaji atasema hayo ni mambo ya Wazungu na serikali zao tajiri. Basi na tumtazame Bismillah Khan, Mwislamu wa Bara Hindi, aliyezaliwa mwaka 1916. Shehnai zamani ilikuwa ala ya mlangoni, ya harusi na maandamano, kama zumari yetu. Yeye alijifunza kwa mjomba wake mjini Banaras, akaipandisha jukwaani mbele ya mabingwa wa muziki. India ilipopata uhuru mwaka 1947 shehnai yake ilisikika Delhi, na mwaka 2001 alipewa Bharat Ratna, nishani kuu ya nchi ile. Alikuwa mtu wa sala, na kila Muharamu alipiga maombolezo ya Karbala kwa miguu, machozi yakimtoka.

Hata hivyo, alipofariki mwaka 2006, sifa zake zilikuwa kubwa kuliko mali yake. Jamaa wengi walimtegemea, na miaka yake ya mwisho ilikuwa ya dhiki.

NA SISI JE?

Najua wapo watakaoniuliza juu ya hukumu ya zumari katika dini. Mimi si mufti. Wanazuoni wengi wamezikataza ala za kupuliza, na wengine wamelegeza. Nakumbusha tu kwamba Mtume (S.A.W.) alipoisifu sauti ya Abu Musa al-Ash'ari katika kusoma Kurani, aliifananisha na mizmari ya jamaa ya Nabii Daudi. Aliye na shaka na amwulize sheikh wake. Mazungumzo yangu ni juu ya haki ya mtu aliyefanya kazi.

Mombasa alikuwako Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840. Mashairi yake tunayo kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya, Mzungu Taylor akayanakili, na mwaka 1940 yakatoka kitabuni. Je, zumari hazikulia Mombasa zama za Muyaka? Zililia. Nani aliyezipuliza, na alibuni nini? Hakuna awezaye kutujibu, maana hapakuwa na aliyeandika.

Na siku hizi kuandika si sifa tu, ni mali. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi wa muziki, lakini kwa sharti kwamba tungo liwe limeandikwa, au limerekodiwa, au limetiwa katika umbo la kudumu. Wimbo ulio hewani tu hauna mwenyewe mbele ya sheria. Kijana wa studio akiuchukua mlio wa mzee, akautia ndani ya wimbo wake na kuupeleka redioni, mzee atadai kwa ushahidi gani?

Kwa hiyo nawaambia vijana wa Msambweni, wa Lamu na wa Mji wa Kale: mkikaa chini ya fundi wa zumari, mjifunze kuchonga utete, kisha mwombe ruhusa mrekodi kila alichokibuni, mkitaja jina lake na tarehe. Atakayeweza kusoma noti na asome. Na mkishajua vya mzee, tungeni vyenu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na zumari isiyopata tungo jipya itabaki mapambo ya kupokelea wageni wa serikali.

Utete twaujua. Kalamu nayo tumeishika tangu chuoni. Mafundi waliobaki ni wazee, nao hawatatungoja.