Namna Filamu ya Kuruka Juu ya Mlima Inavyotengenezwa Bila Ndege

Mtazamaji huchukuliwa kutoka tambarare za Moshi, akapita juu ya migomba na mibuni, akavuka ukanda wa msitu, kisha akaizunguka Kibo na kuchungulia shimo lake. Hakuna rubani wala kamera iliyopanda huko. Filamu ya namna hiyo hutengenezwa na kompyuta kutokana na namba tupu. Kwa kuwa chama cha msingi chaweza kuombwa kuilipia ili kuwaonyesha wanunuzi kahawa inakotoka, au kuletewa katika mkutano mkuu kama ushahidi wa mambo ya mashamba na mifereji, yafaa wanachama waielewe kabla ya kuiamini.

Namba zinazotumika zaidi zilipatikana Februari 2000. Chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na rada. Antena moja ilikuwa chomboni, nyingine kwenye ncha ya mlingoti wa mita 60. Mwangwi wa rada kutoka ardhini ulizifikia antena hizo kwa tofauti ndogo sana, na kutokana na tofauti hiyo kimo cha ardhi kilikokotolewa. Karibu asilimia 80 ya nchi kavu ya dunia ilipimwa. Matokeo yake ni jedwali kubwa la miraba ya mita 30 hivi kila upande, na kila mraba una namba moja tu: mita juu ya usawa wa bahari. Jedwali hilo hutolewa bure.

Kompyuta huziunganisha namba jirani kwa pembetatu ndogo ndogo, hata umbo la mlima likajitokeza kama turubai lililofunika lundo la magunia. Juu yake hutandikwa picha ya setilaiti, kwa mfano ya Landsat. Mtengenezaji huchagua jua liangaze kutoka wapi na jicho la mtazamaji lipite njia gani. Kisha picha hukokotolewa moja moja, 25 kwa kila sekunde. Dakika moja yataka picha 1,500, na mashine dhaifu huweza kukesha ikizitengeneza. Programu za kazi hii, kama QGIS na Blender, haziuzwi. Gharama iliyopo ni ya muda na ujuzi wa mtu, na bei inayotajwa ipimwe kwa hayo.

Sasa mipaka yake. Kutoka Moshi mjini hadi kilele cha mita 5,895 ni kilomita 30 hivi kwa mstari ulionyooka, na tofauti ya kimo ni karibu kilomita 5. Yaani kwa wastani, kila hatua sita za kwenda mbele hupandisha hatua moja. Mteremko huo ukionyeshwa ulivyo, mtazamaji wa mbali huuona mpole mno. Kwa hiyo watengenezaji wengi huzidisha kimo mara mbili au zaidi. Filamu hupendeza, lakini shamba la mteremko wa kawaida hugeuka genge. Hali kadhalika picha ya zamani huonyesha barafu isiyokuwapo tena, kwani kati ya 1912 na 2011 Kibo ilipoteza kama asilimia 85 ya barafu yake.

Jambo zito zaidi ni mashamba. Mraba mmoja wa jedwali ni mita za mraba 900, karibu robo ya eka. Kihamba cha eka moja kina namba nne au tano tu, na kila moja huweza kukosea kwa mita kadhaa. Tena penye miti mingi rada haikufika chini. Ilipima karibu na vilele vya miti. Mfereji huhitaji mwinamo wa sentimita chache kwa masafa marefu. Haiwezekani kabisa kuupanga kwa filamu hii, wala kuamua kwayo ni kihamba cha nani kitapata maji. Kazi hiyo ni ya mpimaji aliyesimama shambani na chombo chake. Kamati inayoagiza filamu kwa ajili ya wanunuzi ndiyo yenye haki ya kudai kwamba idadi ya mara ambazo kimo kimezidishwa, pamoja na mwaka wa picha ya setilaiti, viandikwe ndani ya filamu yenyewe kabla ya malipo.