Gemu za Mabilioni na Pesa za Msimu wa Karatu

Karatu ni mji wa pesa za msimu. Kuanzia Juni hadi Oktoba magari ya watalii yanapanda mlima kutoka Mto wa Mbu mfululizo, hoteli zinajaa, na dereva, mpishi, fundi gereji na muuza vinyago wote wanaona riziki. Masika yakiingia, kati ya Machi na Mei, njia za kushukia Kreta ya Ngorongoro zinateleza, kambi nyingine zinafungwa, na vijana waliokuwa wakiamka saa kumi alfajiri kuwahi lango la hifadhi la Lodoare wanabaki nyumbani. Kwa mkulima ni hivyo hivyo. Vitunguu vya Mang'ola, kule chini kando ya Ziwa Eyasi, vinalipa siku ya kuuzwa, na mbaazi, maharage na ngano za huku juu zinalipa baada ya kuvunwa. Wanaojua tarehe ya mshahara ni wachache: walimu, wauguzi, watumishi wa halmashauri na wa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro.

Naanza na kalenda hiyo kwa sababu kuna mjadala mkubwa unaoendelea kwenye biashara ya gemu duniani, na wanaojadili wote wanamfikiria mtu mwenye mshahara. Swali lao ni hili: gemu iliyogharimu mamia ya mamilioni ya dola iuzwe kwanza kwa bei kamili, au iwekwe siku ile ile ya kutoka ndani ya huduma ya kulipia kwa mwezi, ambako mteja anacheza mamia ya gemu kwa ada moja? Kwa Karatu swali hilo si la mbali hata kidogo. Jibu lake ndilo litakaloamua kama kijana wa Bwawani au wa Rhotia ataendelea kucheza gemu kubwa, au ataishia kuzitazama vipande vipande kwenye simu.

Hapa, kama ilivyo Arusha, Babati au Mbulu, pleisteshoni inachezwa zaidi kibandani kuliko sebuleni. Runinga moja au mbili, PS3 au PS4, benchi la mbao, padi zilizofungwa kwa gundi ya karatasi pale zilipopasuka. Unalipia mechi, shilingi mia mbili mpaka mia tano kulingana na mji na mashine, mkononi, kabla ya kuanza. Anayefungwa anampisha anayefuata. Mpira ndio unaotawala: FIFA, ambayo tangu Septemba 2023 inaitwa EA Sports FC, na PES za miaka ya nyuma ambazo wengi bado wanaapa kuwa hazijapata mfano. Wazazi na watendaji wa mitaa wana malalamiko yao kuhusu watoto kutoroka shule na kuwekeana dau, nayo ni ya haki. Lakini kibanda hicho kimefanya jambo ambalo kampuni tajiri hazijaliweza: kimeifikisha gemu ya mabilioni kwa mtu mwenye sarafu mbili mfukoni, kwa kipimo anachokimudu, siku anayoimudu.

Huduma ya kila mwezi inayozungumzwa zaidi ni Game Pass ya Microsoft, iliyoanza mwaka 2017. Januari 2018 kampuni hiyo ikatangaza kwamba gemu zake zote zitakuwa zinaingia humo siku ya kwanza, na Machi mwaka huo Sea of Thieves ikafungua njia. Kufikia Februari 2024 Microsoft ilitaja wanachama milioni 34. Sony, wenye pleisteshoni, walikataa kumfuata jirani. Walipopanga upya PlayStation Plus mwaka 2022, aliyekuwa mkuu wao, Jim Ryan, alieleza kwamba kuziweka gemu zao kubwa humo siku ya kwanza kungevunja mzunguko unaowapa fedha za kutengeneza nyingine. Hoja yake ina uzito. Nyaraka za studio ya Insomniac zilizoibwa na kuvujishwa Desemba 2023 zilionyesha kwamba Marvel's Spider-Man 2 pekee ilikula karibu dola milioni 300. Na Microsoft yenyewe, ilipokuwa ikihojiwa na mamlaka ya ushindani ya Uingereza kabla ya kuinunua Activision Blizzard, ilikiri kuwa mauzo ya gemu hushuka inapoingizwa Game Pass.

Lipo la kusema upande wa pili, na sitalificha. Gemu mpya kubwa kwa kawaida inauzwa dola 70, zaidi ya Sh 160,000, na kwa familia yoyote ile hiyo si hela ya kuchezea. Huduma ya mwezi inampa mtu ujasiri wa kujaribu gemu ambayo asingeinunua kamwe. Clair Obscur: Expedition 33, kazi ya studio changa ya Sandfall ya Montpellier, Ufaransa, iliingia Game Pass siku ya kwanza mwezi Aprili 2025, na bado ikauza nakala milioni moja ndani ya siku tatu. Watu waliicheza, wakaisifu, na wengine wakaenda kuinunua.

Lakini kuna Hi-Fi Rush. Studio ya Tango Gameworks ya Tokyo iliitoa bila kutarajiwa Januari 2023, siku ya kwanza ndani ya Game Pass, na mamilioni wakaicheza. Wahakiki waliipenda, tuzo ikaja. Mei 2024 Microsoft ikatangaza kuifunga studio hiyo, mpaka kampuni ya Krafton ya Korea Kusini ilipoiokoa miezi michache baadaye. Gemu inapouzwa, idadi ya nakala ni ushahidi mkononi mwa aliyeitengeneza: hawa hapa walionunua. Ndani ya ada ya mwezi ushahidi huo unayeyuka, na thamani ya kazi yako inabaki kuwa hesabu inayofanywa ofisini kwa mtu mwingine. Ada nayo haikukaa palepale. Oktoba 2025 daraja la juu la Game Pass lilipanda kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi, zaidi ya Sh 70,000. Dereva wa utalii analipaje ada kama hiyo mwezi Aprili? Asipolipa, gemu zote alizokuwa akizicheza Machi zinafungwa siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana naitetea diski. Diski iliyonunuliwa kwa pesa za Agosti inacheza Aprili. Inaazimwa, inabadilishwa, inauzwa. Mtu wa Ulaya au Dubai akiichoka anaiuza, inafika Kariakoo, inapanda basi hadi Arusha, na kutoka hapo Karatu ni safari ya saa chache za lami. Ni mtumba kama mtumba wa nguo: kila mkono unaoishika unaipunguzia bei na kuifikisha kwa mtu ambaye duka la kwanza lisingemfikia. Najua si kila kilichomo vibandani ni halali. Enzi za PS2 mashine nyingi zilikuwa zimefanyiwa ufundi zisome nakala za kuchoma. Lakini kuhusu diski halali, wanaoshikilia kwamba mtumba haumpi mtengenezaji kitu wanasahau jambo moja. Mnunuzi wa kwanza hutoa dola zake 70 kwa moyo mwepesi akijua atarudishiwa sehemu siku akiuza. Mtumba wa Karatu unamsaidia mtu wa Manchester kununua.

Kampuni zimewahi kujaribu kuikata njia hii waziwazi. Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza Xbox One ikiwa na masharti ya kubana uuzaji na uazimishaji wa diski zilizotumika. Juni mwaka huo Sony walijibu kwa video fupi mno: mtu anampa mwenzake kasha la gemu mkononi, basi. Wiki hiyo hiyo kelele zilikuwa kubwa, na kabla mwezi haujaisha Microsoft ilirudi nyuma. Tangu hapo hakuna aliyejaribu tena kwa amri. Sasa inafanyika kimyakimya. Xbox Series S ya mwaka 2020 haina pa kuingizia diski, na PS5 Pro ya mwaka 2024 haina mpaka ununue kisomeo pembeni. Senua's Saga: Hellblade II ilitoka Mei 2024, siku ya kwanza ndani ya Game Pass, bila diski hata moja madukani. Gemu ya namna hiyo haiachi chochote cha kupanda basi. Ikizaliwa mtandaoni tu, inaishi na kufa huko huko.

Na mlango wa ada za mwezi wenyewe haukuwekwa kwetu. Mtandao wa PlayStation hauitambui rasmi Tanzania, kwa hiyo anayetaka akaunti anajiandikisha kana kwamba anaishi Afrika Kusini, Uingereza au Marekani, anatafuta kadi ya malipo ya huko, na anacheza akijua akaunti inaweza kufungwa siku yoyote. Mei 2024, Sony walipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti za PlayStation, gemu hiyo iliondolewa sokoni katika nchi na maeneo 177 yasiyo na huduma hiyo. Sharti lilifutwa baada ya ghadhabu ya wachezaji, lakini orodha ile ilituonyesha tunahesabiwa wapi.

Weka na bando juu yake. Gemu kubwa za leo zinavuka GB 100 kwa urahisi. Hata ungepata GB moja kwa shilingi elfu moja, upakuaji mmoja ni laki moja, kabla hujalipa ada, na umeme usikatike katikati. Ukienda ndani ya hifadhi, kuelekea Endulen au Nainokanoka, maboma mengi yanategemea sola kuchaji simu, na gemu inayowezekana ni ile ya simu, ya bure, kama Free Fire au eFootball. Siwalaumu vijana wanaozipenda. Nasikitika tu kwamba kwao hiyo ndiyo itakuwa sura nzima ya sanaa hii.

Msimamo wangu ni kwamba gemu yenye bajeti kubwa iuzwe kwanza, kwenye diski iliyo kamili, kisha iingie kwenye huduma ya mwezi baada ya miezi kadhaa. Gemu ya mpira inaonyesha kwamba hilo linawezekana. EA Sports FC 24 ilitoka Septemba 2023 na ikaingia PlayStation Plus Mei 2024, wakati ligi za Ulaya zinafunga pazia. Aliyekuwa na haraka alinunua, asiye na haraka alisubiri, na diski zake zikaanza kushuka bei kuja huku kwetu. Kibandani watu wanacheza toleo la mwaka juzi, mchezaji akiwa bado yuko klabu aliyoihama zamani, na mechi inanoga vilevile.

Wala sidai kwamba watu wa hapa hawajui kulipia kwa mwezi. Tunalipia ving'amuzi. Azam TV imeingia hata kwenye nyumba zisizo na friji, na siku ya Simba na Yanga mtu mmoja analipia kifurushi na ukumbi mzima unatazama kwa kiingilio kidogo. Kinachokosekana kwenye gemu ni ada inayoukubali ukumbi. Masharti ya huduma hizi yanamtaka mtu mmoja, akaunti moja, nyumbani kwake, bila biashara.

Korea Kusini walilitatua hilo zamani. Kule vijana huchezea kwenye kumbi za kompyuta ziitwazo PC bang, na kampuni za gemu hazikuzipiga vita. Ziliingia nazo mikataba, ukumbi ukalipa kulingana na saa zilizochezwa, na mchezaji akalipa ukumbi. Kibanda cha Karatu tayari kinahesabu mechi. Kampuni ikiweka leseni ya kibanda, ikalipwa kwa shilingi kupitia M-Pesa kila jioni kulingana na mechi zilizochezwa, mwenye kibanda atalipa nyingi Agosti, chache Aprili, na gemu mpya itaweza kufika kwenye benchi lile siku ya kwanza, kihalali, bila mtu yeyote kujisingizia kuwa anaishi Johannesburg.