Makabu, Bingwa Aliyeanza kwa Kushindwa

Ilunga Makabu, bondia aliyezaliwa Kananga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwaka 1987, alipigwa KO katika raundi ya kwanza ya pambano lake la kwanza la kulipwa. Ilikuwa 2008, Afrika Kusini, alikokwenda kutafuta maisha kwa ngumi. Mwanzo wa namna hiyo huwamaliza vijana wengi, kwa kuwa promota hana haraka ya kumwita tena aliyeanguka mapema. Makabu alirudi mazoezini, akashinda mara 19, karibu zote kwa KO.

Mei 2016 aliwania mkanda wa Baraza la Ngumi la Dunia (WBC) wa uzito usiozidi kilo 90.7, katika uwanja wa Goodison Park, Liverpool, nyumbani kwa Tony Bellew. Raundi ya kwanza ilipokaribia kwisha alimwangusha mwenyeji. Bellew aliinuka. Raundi ya tatu akambana Makabu kwenye kamba na kummaliza kwa mkono wa kushoto.

Ustahimilivu wa bondia hupimwa kwa sekunde chache. Akianguka, mwamuzi huhesabu hadi nane hata kama ameshasimama, huku akimtazama machoni. Miguu ikiyumba, pambano linakwisha. Kipimo kigumu zaidi ni miezi inayofuata, wakati hakuna simu inayolia. Mwaka 2019 Makabu alikwenda Urusi, akawashinda Dmitry Kudryashov na Aleksei Papin mbele ya watu wao. Ndipo mlango ukafunguka tena.

Tarehe 31 Januari 2020, zaidi ya miaka 45 baada ya Muhammad Ali kumwangusha George Foreman jijini Kinshasa, Makabu alipigana na Michał Cieślak wa Poland katika jiji hilohilo, akiwania tena mkanda wa WBC. Kila mmoja alimwangusha mwenzake. Baada ya raundi 12 majaji wote walimpa Makabu ushindi. Alikaa na mkanda huo hadi Februari 2023, Badou Jack alipomsimamisha raundi ya mwisho huko Saudi Arabia.

Katika nchi hiyohiyo ya Makabu, mji wa Kalemie, jimboni Tanganyika, nao una vijana waliokulia katika shida: mapigano ya jamii za Watwa na Waluba ya 2016 na 2017 yalileta mjini familia nyingi zilizokimbia vijiji vyao. Moyo wanao. Wanachohitaji ni kocha, glavu nzima, daktari kando ya ulingo na mapambano ya mara kwa mara ya ngazi ya jimbo. Viongozi wa michezo wa Tanganyika waanzie hapo.