Somo la Afya: Karatasi ya Kurudi Nayo Nyumbani

Wanafunzi wetu wa elimu ya watu wazima, ninyi wa Nsemulwa na wa Mpanda nzima, chukueni kalamu na daftari. Andikeni maneno matatu: mionzi, figo, kipimo. Hayo ndiyo maneno ya somo la leo.

Moyo ni pampu ya damu, lakini nao wahitaji kulishwa damu. Kazi hiyo hufanywa na mishipa myembamba iliyouzunguka. Mmoja ukiziba, mtu hushikwa na maumivu ya kifua, na pengine hufa. Mwaka 1977, katika mji wa Zurich nchini Uswisi, daktari Andreas Grüntzig aliupanua mshipa wa namna hiyo kwa puto dogo, bila kupasua kifua. Leo kazi hiyo hufanywa hapa kwetu Tanzania, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Hufanywaje? Daktari hupitisha mrija mwembamba katika mshipa wa mkono au wa paja mpaka kwenye moyo. Penye kizuizi hulijaza puto, kisha huacha kibomba kidogo cha wavu wa chuma, kiitwacho stenti. Ndani ya mwili hamwonekani kwa macho. Kwa hiyo hutumia vitu viwili: mionzi ya eksirei, na dawa ya kuonyesha mishipa, yenye ayodini ndani yake. Watu huiita dawa ya rangi, ijapokuwa ni maangavu kama maji. Dawa hiyo huzuia mionzi, na mshipa huonekana kama mto katika ramani.

Kazi nyepesi huisha upesi. Lakini mshipa ulioziba kabisa kwa miezi mingi huweza kuchukua saa mbili au zaidi. Hapo mionzi huzidi, na dawa huzidi.

Tuanze na mionzi. Kila mtu duniani hupata mionzi kidogo kutoka ardhini na angani, kwa wastani milisivati 2.4 kwa mwaka. Kuzibua mshipa wa moyo mara nyingi humpa mgonjwa kama milisivati 7 hadi 15. Basi ni kama mionzi ya miaka mitatu hadi sita. Kwa mwenye mshipa ulioziba, hatari hiyo ni ndogo kuliko ugonjwa wenyewe. Lakini ngozi ya mgongo ndiyo ipokeayo mionzi mingi zaidi. Kipimo chake huitwa grei. Ngozi ikipata grei 2 au zaidi huweza kuwa nyekundu, na mashine ikionyesha grei 5 au zaidi, mgonjwa yafaa afuatiliwe. Jeraha huweza kutokea majuma kadhaa baadaye.

Daktari naye hujikinga kwa aproni ya risasi. Ninyi mwaijua risasi: katika miaka ya 1950 ilichimbwa hapo Mpanda, na reli ya kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili ya machimbo hayo.

Sasa tuje kwenye dawa. Hutolewa mwilini na figo, na ikiwa nyingi huweza kuzidhuru, hasa figo za mzee, za mwenye kisukari, au za mtu aliyepungukiwa na maji. Kwa hiyo damu hupimwa kabla ya kazi, na kwa mwenye hatari hupimwa tena baada ya siku mbili au tatu. Kabla ya kazi, mwambie daktari kama una ugonjwa wa figo, wanywa vidonge vya kisukari, una mimba, au uliwahi kuvimba uso au kubanwa pumzi baada ya dawa hiyo. Usiache vidonge kwa shauri lako mwenyewe.

Kutoka Dar es Salaam mpaka Nsemulwa ni zaidi ya kilomita 1,000. Mgonjwa hurudi nyumbani, na baada ya majuma machache mgongo wawasha, wawa mwekundu. Asiposema kitu, aweza kupewa dawa ya fangasi, au kukatwa kinofu cha ngozi kwa uchunguzi, na jeraha la mionzi likikatwa hupona kwa shida. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka hospitali, omba uandikiwe mambo manne: kazi iliyofanywa, kipimo cha mionzi, kiasi cha dawa kwa mililita, na majibu ya figo. Karatasi hiyo itunze pamoja na kadi zako, na umwonyeshe mganga wa karibu. Wewe mliyejifunza kusoma, msomee na jirani yako.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini dawa ya kuonyesha mishipa huweza kudhuru figo?
2. Jeraha la mionzi hutokea lini, na sehemu gani ya mwili?
3. Taja mambo manne ya kuandikiwa.