Kitochi cha zamani: Betri, meseji na hesabu ya faida

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

MFANYABIASHARA mdogo anayepokea malipo kwa simu ya tochi ana mali mbili mkononi: simu yenyewe, ambayo bei yake ni ndogo, na laini iliyomo ndani, ambayo ndiyo droo yake ya fedha. Simu ikizimika wakati mzigo unashushwa, hasara haipimwi kwa bei ya simu bali kwa biashara iliyokwama.

Simu hizo hazijatoweka sokoni. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, kitochi kilipata kazi mpya. Kwa Tanzania, mteja hubonyeza *150*00# na kuhamisha fedha bila intaneti. Kwa kazi hiyo simu ya zamani inatosha, mradi itunzwe kama mizani au kifaa kingine cha dukani.

Betri kwanza

Sehemu inayochoka mapema ni betri. Simu nyingi za kundi hili hutumia BL-5C ya volti 3.7, ambayo pia huwekwa kwenye redio na spika ndogo. Ndiyo maana inapatikana kwa urahisi, na ndiyo maana za bandia nazo zipo. Namba kubwa ya ujazo iliyochapwa juu ya betri si uthibitisho wa ubora.

Hata betri halali huhitaji uangalifu. Agosti 2007 Nokia ilijitolea kubadilisha bure betri za BL-5C zipatazo milioni 46, zilizotengenezwa na Matsushita ya Japani kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, kwa kuwa baadhi zingeweza kupata joto kupita kiasi wakati wa kuchajiwa.

Kipimo chepesi ni kulaza betri juu ya kioo cha kaunta na kuizungusha kwa kidole. Ikizunguka kama pia, imevimba. Isichajiwe tena wala kutobolewa. Chaja ya kobe, ile ya kubana betri, husaidia tundu la chaji linapokufa, lakini isiachwe usiku kucha bila mtu.

Kwa wenye maduka ya vipuri, tahadhari ni moja: betri hizi huchoka hata zikiwa rafuni. Mzigo wake haukai kama mzigo wa misumari. Ni salama zaidi kununua kidogo kidogo kwa kadiri ya mauzo.

Meseji zikijaa

Kosa jingine halihusu kipuri chochote. Kumbukumbu ya simu hizi ni ndogo. Meseji zikijaa, mpya haziingii. Mteja atasema amelipa, muuzaji hataona uthibitisho, na ugomvi utaanza. Dawa ni kunakili miamala daftarini kila jioni, kisha kufuta meseji. Majina ya wateja nayo yawekwe kwenye laini na daftarini, ili simu ikifa yasipotee.

Vitufe vikigoma, mara nyingi tatizo ni vumbi na jasho. Fundi husafisha kwa spiriti na brashi. Simu ikiingia maji, itolewe betri papo hapo na isiwashwe mpaka ikauke.

Tengeneza au nunua?

Kanuni nzuri ni kutotumia katika matengenezo ya mwaka mmoja zaidi ya nusu ya bei ya simu mpya. Tuseme, kwa mfano tu, mpya ni sh. 30,000. Betri ya sh. 6,000 na tundu la chaji la sh. 5,000 ni jumla ya sh. 11,000, inafaa kutengeneza. Vikiongezeka vitufe vya sh. 5,000, jumla inafika sh. 16,000 na kuvuka nusu. Hapo simu ya zamani ibaki kuwa ya akiba.

Anayenunua iliyotumika abonyeze *#06# na kulinganisha tarakimu 15 zitakazotokea na zilizoandikwa chini ya betri. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia, na walionunua bila kukagua walibaki na tochi tupu.

Hatari ya mbali ni mtandao. Vitochi vya zamani hutegemea 2G. Nchini Marekani, AT&T ilizima 2G yake Januari 2017, na simu zilizokuwa nzima zikakosa kazi kwenye mtandao huo. Afrika Mashariki 2G bado inatumika, na vitochi vya 4G vimeshaingia sokoni. Kwa hiyo kutengeneza leo kuna faida, lakini kulimbikiza simu za 2G kwa matumaini ya kuziuza miaka mingi ijayo ni kufunga mtaji.