Kisomeo cha Kijivu au cha Rangi?

Ukienda kununua kisomeo cha wino wa kielektroniki, muuzaji atakusukumia cha rangi. Subiri kwanza.

Skrini ya kijivu kwa kawaida ina ngazi 16 tu, toka nyeusi hadi nyeupe. Rangi hugeuzwa kijivu kwa kupima mng'ao wake: kijani hupewa takriban asilimia 59, nyekundu 30, buluu 11. Kwa hesabu hiyo, mstari mwekundu na wa kijani iliyokoza kwenye grafu hutoka pacha, huwezi kuitenganisha. Maandishi ya njano nayo hufifia mpaka karibu yapotee.

Njano ina dawa ya bure: fungua mipangilio, ongeza utofautishaji au ukolezo wa maandishi, na herufi zitarudi. Lakini ukizidisha, picha hugeuka madoa meusi. Wale pacha wa grafu hawatenganishwi na mipangilio hiyo. Kama faili ni lako, mmoja ufanye wa nukta nukta. Si lako? Ukurasa huo mmoja utazame kwenye simu uliyonayo tayari.

Sasa bei. Marekani, mwaka 2024, cha kijivu cha inchi 6 kilianzia dola 110 hivi, cha rangi dola 150. Usidanganyike na tofauti hiyo ndogo. Kwenye cha rangi, maandishi meusi yana nukta 300 kwa inchi, ila rangi zenyewe ni 150 tu, tena zimepauka. Skrini yake ni ya giza kidogo, hivyo taa huwaka muda mwingi na chaji huisha mapema.

Ukiagiza nje, ongeza usafirishaji, kisha VAT, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania, nayo hutozwa hata juu ya nauli ya mzigo. Chaja mara nyingi haimo, kava ni juu yako. Baadhi ya vile vya bei ya chini huonyesha matangazo skrini ikifungwa. Kuyaondoa ni pesa nyingine.

Mtumba ni nafuu, mradi akaunti ya mwenye mali wa kwanza imeondolewa mbele ya macho yako. Skrini ikiwa na mstari hata mmoja, achana nacho: kuibadilisha hukaribia bei ya kifaa kizima.

Msomaji wa riwaya na vitabu vya dini achukue cha kijivu. Wa ramani na katuni, kishikwambi cha kawaida kilichotumika kitamfaa kuliko kisomeo cha rangi, ingawa atachaji kila siku. Vyovyote iwavyo, nenda dukani na faili lako gumu kuliko yote kwenye simu, uombe walifungue kabla hujalipa.